Kupima mitazamo ya kijinsia kuhusu gemu: namna ya kuandaa dodoso lisilopotosha

Anayetaka kujua kama wasichana na wavulana wanazitazama gemu kwa jicho moja mara nyingi huanza na swali fupi: "Je, unapenda gemu?" Analigawa kwa watu mia, anahesabu ndiyo na hapana, na pengo linaonekana: wavulana juu, wasichana chini. Kabla ya kuliandika pengo hilo kwenye ripoti, inafaa kuuliza limetoka wapi. Sehemu yake ni ya kweli. Sehemu nyingine, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza, imezaliwa na swali lenyewe: neno lililotumika, mahali swali lilipowekwa kwenye karatasi, nani alikuwa ameketi karibu na anayejibu, na nani ana simu yake mwenyewe.

Maelekezo haya ni kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwalimu, au kiongozi wa kikundi cha vijana. Vifaa ni karatasi, programu ya majedwali kama Excel au LibreOffice Calc, na muda wa wiki tano au sita.

Amua unapima nini hasa

Neno "mtazamo" limebeba mambo manne, na kila moja linahitaji maswali yake. La kwanza ni kitendo: mtu anacheza au hachezi, mara ngapi, kwa kifaa gani. La pili ni hamu: anafurahia, anatamani kucheza zaidi, anajiona anaweza. La tatu ni imani kuhusu gemu ni za nani na nani ana kipaji nazo. La nne ni yaliyompata alipocheza: alialikwa, alichekwa, alitukanwa, alinyang'anywa kidhibiti.

Ukiyachanganya, hutajua umepima lipi. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wazima wa Marekani maswali matatu yanayofanana kwa juu juu. Waliosema wanacheza gemu walikuwa asilimia 50 ya wanaume na asilimia 48 ya wanawake, yaani karibu sawa. Walipoulizwa kama wanajitambulisha kwa jina la mcheza gemu, wanaume waliokubali walikuwa asilimia 15 na wanawake 6. Na walipoulizwa wanadhani wanaocheza wengi ni akina nani, asilimia 60 ya watu wazima walisema wanaume. Watu ni walewale, picha ni tatu. Anayeuliza swali la pili peke yake atarudi na habari kwamba wanawake hawachezi, na atakuwa amekosea.

Kwa hiyo uliza kitendo kwanza na jina baadaye. Usianze kamwe na "Wewe ni mcheza gemu?"

Safisha maneno

Kiswahili kina mtego wake hapa. "Michezo" ni mpira, ni riadha, ni mchezo wa watoto uani, ni tamthilia pia. "Kucheza" ni hata kucheza ngoma. Ukiuliza "Unapenda kucheza michezo?" utapata wachezaji wa netiboli na wa mpira wa miguu wakikujibu kwa moyo mmoja. Tumia "gemu", neno ambalo vijana tayari wanalo, na uweke maana yake juu kabisa ya karatasi, kwenye fremu:

"Katika dodoso hili, gemu ni mchezo wowote unaochezwa kwenye kioo cha simu, tableti, kompyuta, au runinga iliyounganishwa na konsoli. Mafumbo ya maneno, kupanga peremende, karata, drafti, mpira, mbio za magari, vita, ujenzi na shamba, zote ni gemu. Kucheza kwa simu ya mtu mwingine kunahesabika."

Maneno haya yana kazi zaidi ya ufafanuzi. Bila hayo, anayepanga peremende kwenye Candy Crush Saga kila usiku kabla ya kulala anajibu "mimi sichezi gemu", kwa sababu kichwani mwake gemu ni bunduki na mpira. Na aina za gemu hazikugawanyika sawa kati ya jinsia. Takwimu ambazo kampuni ya Quantic Foundry ilizitoa mwaka 2017 kutokana na hojaji zake za mtandaoni zilionyesha wanawake kuwa asilimia 69 ya wanaopendelea gemu za kulinganisha vitu vitatu, na asilimia 2 tu ya wanaopendelea gemu za michezo ya uwanjani. Ukitoa mifano ya mpira na vita tu, tayari umewapunguza wasichana kabla hawajashika kalamu.

Maswali ya kitendo

Matano yanatosha:

1. Katika siku 7 zilizopita, ulicheza gemu siku ngapi? (andika 0 hadi 7)
2. Siku ya mwisho uliyocheza, ulicheza dakika ngapi kwa jumla?
3. Ulitumia kifaa gani, na ni cha nani? (changu / cha familia / cha rafiki / cha kulipia)
4. Taja gemu mbili ulizocheza karibuni.
5. Ulicheza peke yako, na mtu aliyekuwa karibu nawe, au na watu mtandaoni?

Usiulize "Huwa unacheza saa ngapi kwa wiki?" Neno "huwa" linamlazimisha mtu akadirie, na makadirio hayapindi kwa kiasi kilekile kwa wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha majibu ya wachezaji wa EverQuest II na kumbukumbu za seva za gemu hiyo. Wachezaji walipunguza saa zao, na wanawake walizipunguza zaidi kuliko wanaume. Maana yake ni kwamba pengo la saa kwenye karatasi linaweza kuwa pengo la haya ya kusema. Siku 7 na siku moja ya mwisho ni vipimo vya karibu ambavyo kumbukumbu inavimudu.

Wahojiwa wakiwa na simu zao wenyewe, waombe wafungue rekodi ya matumizi iliyomo ndani ya mipangilio (Screen Time kwenye iPhone, Digital Wellbeing kwenye simu nyingi za Android) na wanakili dakika za gemu za wiki. Kipimo hiki ni kizuri sana, ila hakifai pale simu moja inapotumiwa na watu watatu. Swali la 3 ndilo litakaloonyesha nani wa kuondolewa kwenye hesabu hiyo. Lishike kwa makini kwa sababu nyingine pia: umiliki wa kifaa huenda ukaja kueleza sehemu kubwa ya tofauti utakazozipata.

Kuandika kauli za hamu na imani

Tumia mizani aliyoianzisha Rensis Likert mwaka 1932: kauli moja, na mhojiwa anachagua 1 Nakataa kabisa, 2 Nakataa, 3 Niko katikati, 4 Nakubali, 5 Nakubali kabisa. Pembeni weka kisanduku cha "Sijui". Aliyekichagua aachwe wazi kwenye jedwali, asipewe 3. Kuwa katikati ni maoni, kutojua si maoni, na wasichana wasiowahi kushika konsoli wanaweza kuwa wengi kwenye "Sijui". Ukiwapa 3 umewatungia mtazamo.

Andika kauli nyingi kuliko utakazotumia. Ukitaka kubaki na 6 kwa kila kipimo, anza na 10. Za hamu na kujiamini zinaweza kuwa hivi (maana ya "geuzi" iko chini ya orodha):

– Nikipata saa moja ya mapumziko, gemu ni kati ya vitu vinavyonijia kwanza.
– Rafiki akinialika kucheza gemu, ninafurahi.
– Gemu zinanichosha haraka. (geuzi)
– Nikikwama kwenye hatua ngumu, ninaweza kutafuta njia ya kupita.
– Nikishika gemu mpya mbele ya watu, ninaogopa kuonekana mjinga. (geuzi)

Za imani:

– Gemu ni burudani inayowafaa wavulana kuliko wasichana.
– Msichana na mvulana waliofanya mazoezi kwa muda sawa watacheza gemu ya vita kwa kiwango sawa. (geuzi)
– Nyumba ikiwa na konsoli moja, ni haki mvulana aitumie kwanza.
– Mvulana anayependa gemu za kupamba nyumba au kuvalisha wahusika anapaswa kuona aibu.
– Msichana akishinda gemu ya mashindano, mara nyingi ni bahati.

Kauli ya mvulana na gemu za kupamba usiiache. Wengi hupima kama wasichana wanaruhusiwa kuingia kwenye gemu "za kiume" na kusahau upande wa pili, ilhali mvulana anayecheza gemu ya kupika kwa kujificha naye anabanwa na imani ileile.

Kauli geuzi ni zile ambazo kukubali kunaonyesha mtazamo wa upande mwingine. Theluthi moja hadi nusu ziwe geuzi, kwa sababu wapo watu wanaokubali kila wanachosomewa. Lakini zigeuze kwa maana, usizigeuze kwa "si" na "ha-". Kauli kama "Sidhani kwamba wasichana hawawezi kushinda" inamwacha msomaji akihesabu vikanushi, na baadhi watajibu kinyume cha wanachoamini. Ukiona kikanushi zaidi ya kimoja, andika upya.

Makosa mengine mawili yanajirudia sana. La kwanza ni kauli yenye vichwa viwili: "Gemu zinafurahisha na zinakuza akili." Anayekubali kimoja na kukataa kingine atajibu nini? La pili ni kauli inayouliza habari badala ya maoni. "Wasichana wengi hawachezi gemu za vita" inaweza kukubaliwa na mtu asiye na upendeleo wowote, kwa kuwa ndivyo anavyoona kwa macho yake. Imani inapimwa kwa maneno ya "inafaa", "ni haki", "anaweza", na si kwa idadi.

Kama unataka kujua shinikizo la wenzao, liulize peke yake: "Rafiki zangu wengi wangemcheka msichana anayecheza gemu za vita." Hiyo usiijumlishe na imani binafsi. Mtu anaweza asiamini jambo na bado aishi kwa kuliogopa.

Kisa chenye majina mawili

Sehemu hii ndiyo tunayoithamini kuliko zote, kwa sababu inawafikia hata wale wanaojua jibu la adabu. Vijana wengi wanajua wanapaswa kusema kwamba wasichana na wavulana ni sawa. Watasema hivyo kwenye kauli. Kisa kinaonyesha wanachofanya wanapohukumu mtu mmoja.

Mbinu si ngeni. Mwaka 1968 Philip Goldberg aliwapa wanafunzi wa kike makala zilezile wazipime, baadhi zikiwa na jina la John T. McKay na nyingine Joan T. McKay, na kwa jumla zile zenye jina la kiume zilipimwa juu zaidi. Kwa gemu, andika hivi:

"Asha ana miaka 17. Amecheza gemu ya mbio za magari kwa miezi 8, karibu saa 5 kwa wiki. Wiki ijayo anaingia kwenye mashindano ya watu 16."

Kisha uliza: Unadhani atamaliza nafasi ya ngapi kati ya 16? Ungependa awe kwenye timu yako, kwa alama 1 hadi 5? Akitolewa mapema, sababu kuu itakuwa ipi: mazoezi machache, kifaa kibovu, bahati mbaya, au uwezo mdogo?

Nakala ya pili iwe neno kwa neno ileile, isipokuwa Asha anakuwa Ali. Majina yafanane urefu, asili na rika, ili kinachobadilika kiwe jinsia peke yake. Ukilinganisha Asha na Frederick hutajua umepima jinsia au dini. Epuka Amani, Tumaini na Furaha, ambayo ni ya wote.

Nakala ya tatu ni zawadi ya lugha yetu. "Mchezaji mmoja ana miaka 17. Amecheza gemu ya mbio za magari..." Katika lugha zinazotenganisha viwakilishi vya kike na vya kiume, mwandishi angelazimika kuchagua mapema au kuikunja sentensi hadi ionekane. Kiswahili kina "a-" na "yeye" kwa wote, na msomaji anaijaza jinsia mwenyewe bila kujua kwamba ameijaza. Kwenye ukurasa wa mwisho wa nakala hiyo, rudia sentensi ya kwanza ya kisa na uulize: "Ulipokuwa unasoma, ulimwona mchezaji huyu kuwa nani?" na machaguo yawe msichana, mvulana, sikufikiria. Badilisha pia aina ya gemu kutoka mbio za magari kwenda gemu ya shamba katika nusu ya nakala kama una watu wa kutosha, uone kama picha ya kichwani inageuka pamoja na gemu.

Zichanganye nakala kabla ya kuzigawa: A, B, C, A, B, C, rundo moja kwa wasichana na rundo moja kwa wavulana, ili kila jinsia ipate kila nakala kwa idadi sawa. Usigawe kwa mistari ya viti, maana marafiki hukaa pamoja.

Maswali ya yaliyompata

Uliza kwa kipindi kinachotajwa, "katika miezi 6 iliyopita", na uwaulize wote maswali yaleyale. Umewahi kuzima maikrofoni ili usijulikane jinsia yako? Kutumia jina la mtandaoni lisiloonyesha jinsia? Kutukanwa kwa sababu ya sauti yako? Kupokonywa zamu na mtu aliyesema atakusaidia? Jibu liwe: kamwe, mara moja, mara 2 hadi 5, zaidi ya mara 5.

Maswali haya yapo kwa sababu mtazamo hauangukii mtu kutoka angani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watafiti waliingia kwenye Halo 3, gemu ya vita ya mtandaoni, na kucheza sauti zilizorekodiwa, ya kike na ya kiume, wakisema maneno yaleyale yasiyo na ubaya. Sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi ya ile ya kiume au ya mchezaji aliyekaa kimya. Msichana anayekuandikia "sipendi gemu za mtandaoni" huenda anakueleza watu aliowakuta huko. Bila sehemu hii utaandika kwamba ni tabia yake.

Mpangilio wa karatasi

Anza na maana ya gemu, kisha kitendo, hamu na kujiamini, kisa, imani, yaliyompata, na mwisho kabisa jinsia na umri. Kisa lazima kitangulie kauli za imani, la sivyo mhojiwa atashtuka kwamba unamtega na atajirekebisha. Jinsia ikiulizwa mwanzoni, kila jibu linalofuata linaandikwa na mtu aliyekumbushwa kwamba yeye ni msichana au mvulana. Kichwa cha karatasi kiwe "Maoni ya vijana kuhusu gemu", ambacho ni cha kweli na hakitangazi kusudi lote; baada ya karatasi kukusanywa, waeleze ulikuwa unapima nini na kwa nini visa vilikuwa tofauti. Anayetaka kuondoa karatasi yake baada ya maelezo hayo aondoe. Karatasi hazina majina, kwa hiyo weka namba pembeni na kipande cha kuchana anachobaki nacho.

Swali la jinsia: Ke, Me, Ningependa kutosema. Kundi lenye watu chini ya 10 usilitolee wastani wake peke yake kwenye ripoti, kwa sababu katika shule moja watu hao watatambulika.

Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe. Barua za ridhaa zitoke wiki mbili kabla. Zile zinazorudi haraka huenda zinatoka kwenye nyumba zisizo na ugomvi na gemu, kwa hiyo wafuate wachelewaji, usiwaache.

Jaribu kabla ya kuchapa

Kaa na watu 6, wasichana 3 na wavulana 3, na angalau wawili wasiocheza kabisa. Kila mmoja asome kwa sauti na kusema ameelewa nini kwenye kila kauli. Usimsahihishe. Pale anaposita kwa zaidi ya sekunde chache, kauli ina kasoro. Muda wote usizidi dakika 15. Ukipita hapo, kurasa za mwisho hujazwa kwa kuteremka mstari mmoja wa alama tatu-tatu. Kisha wape watu 30 hivi karatasi iliyosahihishwa, uone ni kauli zipi karibu kila mtu amezijibu sawa. Hizo hazitenganishi watu. Zitoe.

Wangapi, na kutoka wapi

Kuona tofauti ya ukubwa wa kati baina ya makundi mawili (d ya Cohen ya 0.5, yaani wastani mbili zimeachana kwa nusu ya mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwapo) na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona ikiwapo, unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ya 0.3 inahitaji karibu 175 kila kundi. Ya 0.2 inataka karibu 394. Tofauti nyingi za mitazamo ni ndogo, kwa hiyo ukiwa na wasichana 25 na wavulana 25 usiandike kwamba "hakuna tofauti". Andika kwamba hukuwa na watu wa kutosha kuiona. Kisa chenye nakala tatu kinagawanya watu zaidi: 64 mara nakala 3 mara jinsia 2 ni 384. Ukishindwa kuwafikia, acha nakala ya tatu, au linganisha nakala bila kutenganisha jinsia ya wahojiwa.

Usiwakusanye wahojiwa kwenye vibanda vya gemu au makundi ya mtandaoni ya wachezaji. Wasichana utakaowakuta huko wamekwisha kuvuka vizuizi vyote, na wavulana ni wa kawaida tu. Utalinganisha jabari na mpita njia. Chukua madarasa mazima, manne au zaidi, kwa sababu darasa moja lina kundi moja la marafiki wenye maoni yanayofanana.

Siku yenyewe, viti viachane, karatasi zisiwe na majina, na zitumbukizwe kwenye boksi. Mwalimu wa darasa atoke. Kauli za imani hazisomwi kwa sauti, kwa kuwa kicheko kimoja cha nyuma ya darasa kinaweza kubadilisha majibu ya mistari miwili.

Hesabu

Ingiza kila mhojiwa kwenye mstari wake. Kauli geuzi zigeuze kwa kutoa alama kwenye 6: kwenye jedwali, =6-B2. Hili likisahaulika, kipimo kizima kinavunjika, na ndilo kosa la kwanza la kutafuta pale namba zinapokataa kueleweka. Ondoa karatasi zenye alama moja mstari mzima, zikiwemo kauli geuzi kabla ya kugeuzwa.

Kisha pima kama kauli za kipimo kimoja zinakwenda pamoja, kwa alfa ya Cronbach. Gawa idadi ya kauli kwa idadi hiyo ukitoa moja. Jumlisha varianzi, yaani vipimo vya mtawanyiko, za kauli zote (VAR.S kwa kila safu), gawa kwa varianzi ya jumla ya alama za kila mtu, toa jibu kwenye 1, kisha zidisha na ile namba ya kwanza. Alfa ya 0.70 na zaidi inakubalika kwa kazi kama hii.

Ifanye hesabu hiyo mara mbili: wasichana peke yao, wavulana peke yao. Watu wengi huiruka hatua hii. Alfa ikiwa 0.82 kwa wavulana na 0.51 kwa wasichana, kauli zako za hamu zinawaeleza wavulana na kwa wasichana ni mkusanyiko wa mambo yasiyohusiana. Kwa kawaida chanzo ni kauli zilizojaa ushindani na ufyatuaji. Usilinganishe wastani wa kipimo kama hicho. Rudi kwenye kauli, tafuta zile zinazoyumba, zitoe kwa makundi yote mawili, upime tena.

Kulinganisha, tumia jaribio la t la Welch, hesabu inayopima kama tofauti ya wastani mbili inaweza kuwa ya bahati tu, ambalo halidai majibu ya makundi yote mawili yatawanyike sawa. Kwenye Excel ni T.TEST, na namba ya mwisho kwenye mabano iwe 3. Usilifanye kwa kila kauli: majaribio 20 kwa kiwango cha asilimia 5 yatakupa, kwa wastani, "tofauti" moja ya bahati nasibu. Linganisha alama za vipimo, si kauli moja moja.

Kisha tafuta d: tofauti ya wastani mbili ukigawa kwa mchepuko sanifu wa pamoja. Na uiandike kwa lugha ambayo msomaji ataiona. Kwa d ya 0.5, majibu ya makundi mawili yanaingiliana kwa asilimia 80 hivi, kwa 0.2, asilimia 92. "Wavulana wanapenda gemu kuliko wasichana" inasikika kama ukuta kati ya vyumba viwili. Kuingiliana kwa asilimia 80 ni watu wengi waliochanganyika katika chumba kimoja.

Kabla ya kusema ni jinsia

Gawa wahojiwa kwa umiliki wa kifaa. Tuseme una wasichana 100 na wavulana 100. Hamu ya wasichana ina wastani wa 2.91, ya wavulana 3.29, pengo 0.38. Sasa tazama ndani. Wasichana wenye kifaa chao ni 30, wastani 3.4, wasio nacho ni 70, wastani 2.7. Wavulana wenye kifaa ni 70, wastani 3.5, wasio nacho 30, wastani 2.8. Ndani ya kila kundi pengo ni 0.1 tu. Karibu robo tatu ya tofauti iliyoonekana ilikuwa simu mkononi. Na swali linalofuata, kwa nini wavulana 70 wana kifaa na wasichana 30, ni la kuwauliza wanaonunua vifaa.

Umri nao ugawe. Katika takwimu za Quantic Foundry, hamu ya kushindana hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na umri ulieleza hamu hiyo zaidi ya jinsia ilivyoieleza. Ukilinganisha wavulana wa miaka 15 na wanawake wa 24, utakachopima ni miaka tisa.

Kwenye ripoti, kila kipimo kiwe na idadi ya watu, wastani, mchepuko sanifu, alfa ya kila jinsia, na d, kwa wote na kwa kila kundi la umiliki. Kisa kipewe jedwali lake, likionyesha nafasi waliyopewa Asha, Ali na "mchezaji mmoja", na asilimia ya waliomwona huyo wa mwisho kuwa mvulana. Dodoso zima liambatishwe, pamoja na kauli ulizozitoa na sababu ya kuzitoa. Karatasi zifungiwe hadi ripoti ikubaliwe, kisha zichanwe. Jedwali lisilo na majina libaki, ili mwingine aweze kuzirudia hesabu zako.